Gari la Kushusha Ng'ombe

Septemba 4, Jumamosi

Pikapu imekufa. Imefia kwenye kilima kidogo nyuma ya zizi la Lyle Stroebel, mahali ilipopanda mara elfu bila hata kukohoa. Kishindo kimoja, moshi mweupe, basi. Orrin alishuka, akafungua boneti, akaifunga tena bila kugusa kitu. Mume wangu hutengeneza kila kitu mwenyewe. Nilipomwona anafunga boneti nikajua.

Lyle alituvuta mpaka nyumbani kwa lile dude lake la dizeli, na njia nzima alikuwa anaongea. Jirani huyu akikusaidia dakika kumi, utamsikiliza saa nzima. Ekseli, uzito, springi. Nilimpa kahawa ili anyamaze, akainywa huku anaongea.

Moshi wa moto wa misitu bado umetanda. Jua lilitua jekundu kama jeraha.

Septemba 6, Jumatatu

Sikukuu ya wafanyakazi, shule zimefungwa, kwa hiyo Kari, binti yetu mwalimu, alikuja kutoka Billings kumpeleka baba yake kwenye mashine. Mashine haijui sikukuu. Tangu Aprili figo za Orrin zimegoma. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakaa masaa manne akisafishwa damu mjini. Maili themanini kwenda, themanini kurudi.

Kari alinivuta jikoni. "Mama, nunueni gari dogo la kawaida. Uzeni ng'ombe. Baba ni mgonjwa."

"Kamwambie mwenyewe."

"Nimeshamwambia. Ameniuliza kama shuleni kwetu chakula kizuri."

Septemba 11, Jumamosi

Tumekwenda kuangalia magari. Yalibaki mawili ambayo tungeweza kuyachukua. Moja jeupe, la kazi nyepesi, la petroli. Lingine jekundu, la kazi nzito, la dizeli, lenye matairi manne nyuma na bodi wanayoweza kulala watu sita. Kwa mbele yanakaribiana kwa ukubwa. Mtu asiyejua angesema ni ndugu.

Niliendesha jeupe kwanza, Orrin kando yangu. Lilikwenda kama tumekaa sebuleni. Halafu jekundu. Gari lile likiwa tupu ni gumu kama mkokoteni. Kila ufa wa barabara uliingia kwenye uti wa mgongo. Nilimtazama Orrin kwa pembeni. Alikuwa amefumba macho na ameshika mkono wake wa kushoto, ule wenye mshipa wa mashine, kama mtu anayebeba yai. Tuliporudi akasema, "Hili ndilo."

"Umefumba macho njia nzima."

"Nilikuwa nasikiliza injini."

Muuzaji, kijana wa viatu vinavyong'aa, akasema jeupe linavuta ratili elfu kumi na moja. Orrin akamuuliza, "Linavuta wapi?"

"Popote, mzee."

"Umewahi kushuka mteremko wa Hatch na ng'ombe nyuma?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Hatukununua kitu. Tuliporudi hakula.

Septemba 12, Jumapili

Lyle amekuja, eti amepita tu. Hapa hakuna anayepita tu. Barabara inaishia kwetu. Akakaa mezani, akaweka kofia gotini.

"Shemeji, kupanda kila gari linapanda. Niambie litashukaje. Trela lenu tupu ni ratili elfu nne na nusu. Weka ng'ombe watano tu, umefika mwisho wa gari lile jeupe. Breki zake ni za kubeba mboga za sokoni. Dizeli ile, ukiachia mafuta, injini yenyewe inakushika, inakuzuia. Jepesi halina ubavu huo. Trela ndilo litakaloendesha."

"Lyle, nimeolewa na Orrin, sijaolewa na trela."

Orrin alicheka. Ni mara ya kwanza tangu gari life. Lakini baadaye, Lyle alipoondoka, nilimwambia ukweli wangu: mara tatu kwa wiki, majira yote ya baridi, siwezi kukaa kando yake nikimwona anafumba macho.

"Ni mimi ninayeumia," akasema.

"Ni mimi ninayeona."

"Na ng'ombe?"

"Lyle atawashusha. Mwaka ujao tutaona."

"Mwaka ujao," akasema, kisha akaenda kulisha mbwa.

Ninaandika hapa kile ambacho sikumwambia: ni kiburi chake. Wanaume wa huku wanapimwa kwa gari, na yeye hataki kuonekana mjini na gari la kwenda dukani. Kiburi hakisafishi damu.

Septemba 18, Jumamosi

Nimenunua jeupe. Orrin alitia saini mahali nilipomwonyesha.

Septemba 22, Jumatano

Alilala njia nzima kutoka mjini, kinywa wazi, kichwa kwenye kioo. Hata kwenye daraja bovu hakuamka. Nilifurahi mpaka nikaogopa kupiga chafya.

Septemba 27, Jumatatu

Mashine. Upepo. Hakuna mvua.

Oktoba 1, Ijumaa

Mashine. Mnunuzi alikwenda na lori lake hadi malisho ya juu kuchukua ndama. Wepesi mno mwaka huu, nyasi zilikuwa kama mswaki. Mama zao arobaini wamebaki juu wakilia. Barabara ya Hatch ya kuwashushia hufungwa na theluji, mwaka mwingine Novemba, mwaka mwingine mapema.

Oktoba 9, Jumamosi

Lyle ameshusha ng'ombe ishirini na wanane kwa safari mbili, kwa dude lake na trela lake refu. Amekataa hata pesa ya mafuta. Wamebaki kumi na wawili. Atarudi Jumamosi ijayo, maana wiki hii anapeleka ndama wake mwenyewe. Orrin alisimama zizini akiwahesabu walioshuka, kisha akawahesabu tena, kisha akaingia ndani bila kuaga.

Oktoba 13, Jumatano

Mashine. Redio inasema theluji kubwa kesho usiku. Nimempigia Lyle mara mbili, hapokei. Orrin anasema ng'ombe wameshawahi kuvumilia theluji. Mimi nasema hawajawahi kuivumilia wakiwa mbavu nje namna hii. Kesho tutakwenda wenyewe na jeupe. Wanne kila safari, safari tatu. Karatasi ya gari inaruhusu.

Oktoba 16, Jumamosi

Naandika leo kwa sababu jana na juzi mikono haikuweza.

Tulitoka Alhamisi alfajiri. Orrin alitaka kubaki kisha akaja, akasema nikienda peke yangu atakufa kwa mawazo kabla ya figo kumuua. Safari ya kwanza ng'ombe wanne, polepole, gia ya chini. Gari lilinung'unika lakini lilishuka. Tulipowaachia zizini nilimwambia, "Unaona?" Nilisema hivyo. Nataka iandikwe kwamba nilisema hivyo.

Safari moja ni masaa matatu. Tulipofika juu mara ya pili theluji ilishaanza, si usiku kama redio ilivyosema, bali saa sita mchana, chembe nzito zinazoanguka wima. Walibaki wanane. Nilihesabu masaa kichwani. Tukichukua wanne, hatutarudi tena leo, na kesho ni mashine, na kesho kutwa barabara haitakuwepo. Nikafungua lango lote.

Orrin alikuwa ameshika fimbo. "Wanne, Verna."

"Wote. Nashuka mara moja, sirudi."

"Hao ni wengi. Gari halitaweza kuwashika."

"Basi niambie wepi wafe huku juu. Wachague wewe."

Hakuchagua. Aliwaswaga wote wanane ndani ya trela, akafunga mlango, akaupiga kwa kiganja mara mbili kama afanyavyo siku zote, akapanda kando yangu na kufunga mkanda.

Maili ya kwanza ilikuwa nzuri. Kwenye kona ya pili nilisikia msukumo. Hauji kwa kelele. Ni kama mtu amekuja nyuma yako kwenye foleni na kukuegemea. Nikakanyaga breki, gari likapunguza mwendo, nikaachia, likasukumwa tena, zaidi. Breki za trela ni kuukuu; zilinuka kama nywele zilizoungua, kisha hazikufanya chochote. Kanyagio likawa laini chini ya mguu wangu. Injini ikapiga kelele, na gari likaenda lilivyotaka.

Orrin hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama ananiomba chumvi, "Mlimani, mama. Peleka mlimani, si bondeni." Kulia kulikuwa na ukuta wa udongo na mawe, kushoto hakuna kitu. Nikakata kulia. Gari likagonga ukuta, likakwaruza, na trela likaja kwa nyuma, likatukunja, likalala ubavu.

Baada ya hapo kulikuwa na sauti ya ng'ombe tu. Sitaiandika.

Orrin alikuwa amekaa wima, mdomo mweupe, mkono kifuani palipopita mkanda. Akauliza, "Una damu?" Nikasema sina. Akasema, "Nenda kafungue mlango wa trela." Mlango ulikuwa umekunjwa na haukufunguka. Nilivuta mpaka kucha zikang'oka.

Sijui ni dakika ngapi, labda ishirini. Kisha taa kutoka chini. Alikuwa Lyle. Alikuwa ameona theluji, akawaacha ndama wake mnadani na watu wengine, akaja na trela lake tupu kuchukua ng'ombe wetu. Simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Kama ningekaa pale juu, ndani ya gari, heta imewashwa, nikimngoja saa moja tu, saa moja.

Alikata mlango kwa msumeno wa chuma. Watano walitoka wakichechemea, tukawaingiza kwenye trela lake. Mmoja alikuwa ameshakufa. Wawili walivunjika miguu. Lyle alinishika bega, akanigeuza niangalie bonde, akachukua bunduki yake. Mara mbili.

Nilisubiri aseme. Mtu aliyeniimbia ekseli na breki mwezi mzima. Nilijiandaa kabisa, nilitaka aseme. Alivua koti lake, akamfunika Orrin, akasema, "Twende hospitali, kaka. Njoo, niegemee." Hakusema neno jingine mpaka mjini.

Mbavu nne zimevunjika. Wamembakiza wodini.

Oktoba 20, Jumatano

Bado yuko wodini. Mashine wanampelekea huko huko. Akikohoa analia machozi bila sauti.

Kari ananipikia supu wala hanitazami. Leo nikamwambia, "Sema tu." Akasema, "Mimi ndiye niliyesema gari dogo, mama. Nikusemeje wewe?" Tukakaa pale na sahani zetu.

Oktoba 25, Jumatatu

Theluji imeyeyuka. Tope kila mahali.

Oktoba 30, Jumamosi

Amerudi nyumbani. Amekonda, shingo inacheza ndani ya kola.

Nilikwenda kwa Lyle kumrudishia koti. Nilikuwa nimelifua lakini damu ya ng'ombe haikutoka yote. Alikuwa anatengeneza pampu. Nikamwambia asante, naye akaipokea vibaya, kama watu wasiozoea kushukuriwa. Kisha nikasema lililokuwa moyoni: laiti Orrin angeacha kiburi na kuniambia wazi kuwa anaogopa mteremko, labda ningemsikiliza.

Lyle aliweka spana chini. "Kiburi gani, shemeji?"

"Kutaka dude jekundu aonekane mwanaume."

"Hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

Alikuna kichwa. Halafu akasema, "Aliniambia Agosti, hata pikapu haijafa. Alisema, Lyle, mimi nina mwaka, labda miwili. Nikiondoka, Verna akiwa na gari lenye nguvu, ataweza kuvuta mwenyewe, ng'ombe atabaki nao, hatamtegemea mtu. Akiwa na gari la kwendea mjini, ng'ombe watauzwa mwezi uleule, na yeye atahamia Billings kwenye chumba cha juu cha Kari, atazame maegesho ya magari mpaka afe. Ndivyo alivyosema. Hakulitaka lile jekundu kwa ajili yake. Baada ya kulijaribu aliniambia linamuumiza mpaka kwenye meno."

Nilirudi kwa miguu. Maili mbili. Mimi nilinunua la kwake, yeye alitaka la kwangu, mimi sikuuliza, naye alinyamaza ili asinitie huzuni. Miaka thelathini na tisa ya ndoa.

Novemba 6, Jumamosi

Bima imelipa. Gari la kukodi linanuka sigara. Nikamuuliza Orrin tununue lipi. Alikuwa anatazama dirishani.

"Chukua kama lile lile jeupe."

"Hapana. Unajua hapana. Lyle ameniambia."

"Lyle ana mdomo."

"Sema unataka zito."

"Sitaki kitu, Verna. Chukua unalotaka."

Nikampigia kelele. Nikamwambia abishe, anitukane, aniambie hao ni wengi, wanne tu, anieleze kuhusu breki. Kari aliingia mbio kutoka jikoni, akanishika mkono, "Mama, mwache, mama." Baba yake alikuwa amerudi kutazama dirishani. Sijawahi kumshinda Orrin kwa ubishi, na leo nimemshinda kwa sekunde tatu. Nilikwenda kukaa zizini.

Novemba 13, Jumamosi

Nimenunua zito. La kijivu, dizeli, matairi manne nyuma. Lyle alilala chini yake akalikagua kwa tochi kama daktari. Nimelifungia ngazi ya kupandia, lakini bado ni refu; nampandisha Orrin kwa kumsukuma kiunoni. "Taratibu, mimi si ndama," akasema. Nilishika neno hilo siku nzima.

Novemba 15, Jumatatu

Mashine. Nimeweka mifuko kumi ya mchanga nyuma ili litulie. Halijatulia vya kutosha. Kwenye daraja bovu nilipunguza mwendo mpaka likawa linatambaa, magari nyuma yakapiga honi. Alifumba macho.

Novemba 17, Jumatano

Mashine.

Novemba 19, Ijumaa

Mashine. Theluji. Kurudi tulichukua masaa matatu. Gari halikuteleza hata mara moja.

Novemba 25, Alhamisi

Sikukuu ya Shukrani. Kari alileta bata mzinga, Lyle alileta pai ya dukani. Orrin alikula vijiko viwili vya viazi. Lyle alisimulia habari ya transmisheni kwa nusu saa. Nilimsikiliza yote.

Desemba 3, Ijumaa

Mashine. Mshipa wa mkono umeziba, wamemchoma mara tano.

Desemba 10, Ijumaa

Tulikuwa tumeshapita duka la posta, jua ndiyo kwanza linatoka, aliposema, "Geuza."

"Umesahau nini?"

"Sijasahau. Leo siendi. Na Jumatatu siendi."

Niliendesha maili nzima mbele kabla mikono haijanielewa. Kisha nikasimama kando ya barabara, injini ikiunguruma.

"Ni mbavu?"

"Mbavu zimepona."

"Ni mimi? Kwa sababu ya Hatch?"

"Acha ujinga wako, Verna." Alisema kwa ukali, ule ukali wake wa zamani, na nikaona kwamba amerudi, na amerudi kwa ajili ya kuniambia hili. "Nimechoka. Nimewaambia madaktari Jumatano, ulipokuwa unachukua dawa. Wanasema wiki moja, labda kidogo zaidi. Haina maumivu, mtu analala tu. Nataka kulala kwangu."

Sikumbembeleza. Nilitaka. Nikautazama mkono wake ulivyovimba, bluu mpaka kwenye kiwiko.

"Nipeleke nikaone ng'ombe," akasema.

Theluji ya malisho ya chini ilifika magotini na njia haikuonekana. Niliweka gia ya chini, magurudumu yote yakavuta, likapita kama maji. Walikuwa wamesimama nyuma ya miti ya mto, migongo myeupe. Orrin alifungua dirisha, baridi ikaingia yote. Aliwahesabu kwa kidole. Thelathini na saba.

"Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Nyuma ya bahasha ya hospitali niliandika alivyosema. Yule mwenye sikio lililokatwa na baridi huzaa kwa shida, awe karibu na nyumba kuanzia Machi. Yule mwekundu wa pembeni ni mkali akiwa na ndama, nisimpe mgongo. Wale wawili wazee wauzwe majira ya kuchipua, wasiuzwe sasa, bei ni mbaya. Madume yakodiwe kwa Lyle, nisikubali anipe bure. Bahasha ilijaa, nikageuza upande wa pili.

Desemba 11, Jumamosi

Kari amekuja. Alisimama mlangoni na theluji viatuni, akasema, "Umemruhusu?" Nikasema hakuniomba ruhusa. Alikwenda chumbani. Nilipochungulia baadaye alikuwa anamkata baba yake kucha za miguu, na wote wawili walikuwa wanacheka kitu fulani cha zamani, habari ya farasi.

Desemba 14, Jumanne

Analala zaidi. Ameniuliza kama nimepaka mafuta bawaba za lango la kaskazini. Nikasema ndiyo. Nikatoka nikazipaka.

Desemba 16, Alhamisi

Lyle alikaa naye masaa mawili. Sikusikia sauti ya yeyote kati yao.

Desemba 19, Jumapili

Saa moja asubuhi. Kari alimshika mkono mmoja, mimi ule mwingine.

Desemba 23, Alhamisi

Digrii kumi na moja chini ya sifuri. Jana tumemzika, walichimba kaburi kwa mashine, ardhi ilikuwa kama zege. Kari ameniambia chumba cha juu kipo tayari wakati wowote. Nimemshukuru. Amekwenda kurudisha viti vya kanisa.

Nilipakia marobota kumi na sita ya nyasi kwenye bodi. Kulisha ni kazi ya watu wawili, mmoja usukani, mmoja nyuma akitupa. Lyle alitaka kuja, nikamwambia kesho. Kwenye malisho ya chini niliweka gia ndogo kuliko zote, nikanyoosha usukani kuelekea miti ya mto, nikafungua mlango na kushuka likiwa linatembea. Nilingoja linipite kidogo, nikakamata bodi, nikapanda nyuma. Nikakata kamba za robota la kwanza.

Gari lilikwenda lenyewe, polepole, kiti kitupu, na ng'ombe wakaja nyuma yake kwa mstari mmoja.